Mama Aliyeokolewa Kila Siku

Tulimwita Tochi kwa sababu hakuonekana bila tochi shingoni, na kwa sababu alikuwa na tabia ya kummulika mtu usoni akitaka kujua kama anasema kweli. Kazi ya dada huyu ilikuwa kuwaongoza wageni kwenye mapango ya bahari. Mimi naendesha mashua, yeye anasema. Mgawanyo huo ulitufaa sote, maana mimi na wageni hatupikiki chungu kimoja. Mgeni akiniuliza pango lina umri gani, namjibu sikuwepo.

Yeye alijua kuwaeleza. Mlima ulitema moto, uji wake ukateremka hadi majini, juu ukaganda huku ndani ukiendelea kutiririka, ukaacha mashimo ambayo bahari imekuwa ikiyapanua tangu hapo. Tukifika pango la ndani ananiashiria nizime mashine, naye anazima tochi. Wageni wanabaki gizani wakisikiliza maji yakiingia na kutoka. Kitu kimoja hakukisimulia kamwe: siku mlima ulipowaka mara ya mwisho, ingawa alizaliwa kijiji cha juu na aliyaona yote kwa macho yake. Wakimbana sana anawaambia, "Hadithi hiyo si yangu peke yangu kuitoa."

Ilikuwa ya mama yake. Siku hiyo Mama alikuwa na mtoto mchanga, kitinda mimba wake. Alimlaza ndani akatoka kuchota maji, na moto ukamtangulia kufika nyumbani. Watu walimkamata asirudi. Miaka yote hakumtaja mtoto huyo. Kisha uzee ukaanza kumpokonya kumbukumbu, na hiyo nayo ikaonekana kuondoka. Tochi aliniambia hapo ndipo alipoona uzee nao una huruma yake.

Kaka yake mkubwa tulimwita Meneja, ingawa hakuwa na wa kumsimamia ila kuku wake. Ndiye aliyewatembeza wageni kijiji cha juu, kwenye zile nyumba za mawe zilizofukuliwa kutoka majivuni na kuezekwa upya. Kila asubuhi alimpitia Mama.

"Nenda kazini, mdogo wangu," alikuwa akisema. "Mama atashinda na mimi, aote jua."

Jioni alimrudisha sauti imemkauka na mikono ikimtetemeka. Tochi aliuliza kulikoni, akajibiwa ni uzee. Siku moja alimmulika kaka yake usoni, nusu utani. Meneja akacheka, hakupepesa jicho.

Basi akamwamini. Ndani ya mashua alikuwa akimsifia mpaka masikio yananiuma. Wengine ndugu zao wamewatelekeza wazazi, anasema, wangu ananibebea mzigo. Alimfulia mashati, na chakula cha jioni alimpakulia yeye kwanza. Mimi Meneja hakunikaa rohoni tangu zamani, lakini ndugu ni ndugu, nikaufyata.

Siku moja bahari ilichafuka, mawimbi yakaziba mlango wa pango. Wageni walikuwa wameshafika na viatu vyao vya mpira. Tochi akasema tuwapandishe kijijini wakaungane na kundi la kaka yake, nami nikafuata kwa kukosa la kufanya. Njia ya juu ni ya changarawe nyeusi. Nyumba ni fupi, kuta nene, milango ya kuinamia. Tochi alikuwa akiwaonyesha jinsi mawe yalivyopangwa bila saruji, mwenyewe amefurahi kama aliyepewa likizo.

Mbele ya nyumba ya mwisho watu walikuwa wamejazana, simu juu. Nyumba hiyo ilikuwa ya kina Tochi kabla ya moto. Nyuma ya ukuta mtu alikuwa amewasha majani mabichi, moshi ukifuka. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, na Meneja amemwinamia.

"Mama, mbona moshi? Mlima unawaka, Mama."

Mama akasimama. Akatazama juu, akatazama mlango, akaanza kupapasa ukuta. "Mtoto," alisema. "Mtoto wangu yuko ndani." Mgeni mmoja alimnong'oneza mwenzake kwamba bibi huyu anajua kuigiza.

Tochi alipenya kwa viwiko hadi mbele.

"Kila siku, kaka?"

"Wageni wanapenda," alisema Meneja, bila hata aibu. "Na Mama haimdhuru, jioni ameshasahau. Ngoja uone mwisho wake, ni mzuri."

"Nilikukabidhi Mama."

"Na nimemtunza. Si yuko hai?"

Ningemzaba kofi mbele ya simu zote zile, kama Tochi asingeninyooshea mkono nikae kando. Alichukua ndoo iliyokuwa nyuma ya ukuta akayamwagia maji yale majani yaliyofuka. Akawaambia wageni waende zao. Hawakwenda. Akamkumbatia mama yake, akamwambia moto umezimika, ni yeye binti yake, twende nyumbani. Mama alimsukuma. Alikuwa akipiga mlango kwa viganja, akiliita jina ambalo Tochi hakuwa amelisikia tangu utotoni, na kadiri alivyoshikwa ndivyo alivyozidi kupiga.

Meneja akasogea na furushi: mto mdogo uliozungushiwa shuka kama mtoto mchanga.

"Huwa namletea hiki ndipo anatulia," alisema chini chini. "Leo umenikatiza kabla."

Tochi aliutazama ule mto kwa chuki ambayo sijaiona kwake kabla wala baada. Vidole vya Mama vilikuwa vimeanza kutoka damu. Akaunyakua kwa kaka yake, akapiga magoti.

"Nimempata, Mama," alisema. "Huyu hapa."

Mama akaupokea, akaubana kifuani, pumzi ikamshuka. Wageni wakapiga makofi. Akautikisa ule mto kidogo kidogo, kisha akamwinulia binti yake macho ya lawama, macho ya mtu anayekumbuka vizuri sana.

"Kaka yako ndiye huniletea kila siku," alisema. "Wewe huwa unakwenda wapi?"