Mwanamke wa Mwisho Darajani

Mzee Nicolaus alitoka mtaani kwake, Mount Dennis, bila kumuaga bintiye. Dorotea alishamwambia: kitu cha marehemu kikishagawiwa hakidaiwi, ni aibu. Lakini ile picha haikugawiwa. Ilichukuliwa kwa bahati mbaya.

Ilikuwa picha ya Kijapani, ya kuchongwa kwenye ubao na kuchapwa karatasini. Bibi mmoja Mjapani, aliyeuguzwa na Clementina, mke wa Nicolaus, ndiye aliyempa. Daraja la mbao, mvua, wasafiri wamejikunyata chini ya kofia za majani. Clementina alisema mwanamke wa mwisho amegeuka kumtazama aliyebaki ng'ambo. Nicolaus akasema hapana, anajikinga mvua tu. Hata mkewe alipolazwa hospitalini, alimwambia, "Kaangalie vizuri, mbishi wewe." Hakuangalia.

Siku za msiba wake waliiteremsha, kwenye msumari ule ikatundikwa picha ya marehemu. Ile ya Kijapani wakaifunga kwa kanga, kioo kisivunjike. Siku ya kuondoa tanga kanga zikagawiwa, na furushi likaenda Scarborough, upande wa pili wa jiji, kwa Wamaitha, mwenzake Clementina wa kwaya.

Wamaitha alimkaribisha, akamwekea chai. Picha ilikuwa ukutani, nyuma ya kiti alichokalishwa. Hakugeuka. 

Wamaitha akasimulia alivyofungua kanga, akaikuta, akalia. Clementina kumbe alimkumbuka. Kila asubuhi huisalimia kabla ya kwenda kazini. Nicolaus akakoroga chai. Akaendelea kukoroga. Ikapoa.

"Mzee, kuna shida?"

Kijiko kikagonga kikombe.

"Shemeji, naomba niione picha. Basi."

Akainuka, akaisogelea hadi pumzi yake ikatia ukungu kiooni. Akaufuta kwa mkono wa sweta. Chini ya kofia ya mwanamke wa mwisho palikuwa na kidevu, kidogo mno. Kimeelekea nyuma.

"Alisema kweli," akasema. 

Wamaitha alisimama kando yake. Alimtazama yeye, siyo picha.

"Hakuniachia mimi, sivyo?"

Nicolaus akafuta kioo tena. Kusema alimwachia ni uongo. Kusema hakumwachia, atamliza tena.

Wamaitha akaishusha mwenyewe. Akaifunga kwa taulo, pembe kwa pembe, taratibu, bila kumwangalia.

"Mimi niligawiwa kanga," akasema. "Hiyo sirudishi."

"Usirudishe, shemeji."

Ndani ya basi aliipakata. Abiria mmoja akataka kumsaidia kuishika. Akakataa kwa kichwa.