Nilichoandika Katika Daftari la Kambale

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nikiwa muuguzi kijana huko Beni, askari wawili walipomleta Kambale akitambaa kwa magoti. Nilimfahamu vizuri. Alikuwa akileta tilapia kutoka Kyavinyonge, na kila alipopita mlangoni kwangu alipaza sauti, "Mama Kavira, samaki bado inaruka!" Nilipenda sana kumsikia.

Nyayo zake zilikuwa zimevimba na kupasuka. Askari mmoja akasimama karibu na meza yangu.

"Mama, andika accident ya moto, ya pikipiki. Noki noki, haraka!"

Kambale akanitazama. "Hapana, Mama Kavira. Balinipiga na fimbo ku cachot, mule mu gereza yao. Uandike tu ile unaona."

Nikaandika ajali ya pikipiki. Niliogopa, na tena nilijidanganya kwamba kazi yangu ni dawa, maandishi ni kitu kidogo. Nikamfunga bandeji safi kabisa, na aibu yangu ni kwamba nilijisifu kwa bandeji ile.

Hakupita tena mlangoni kwangu.

Miaka ikaenda. Sasa serikali inasema atakayemtesa mtu atafikishwa mahakamani, na walioteswa watatibiwa na kusaidiwa. Niliposikia redioni nilifurahi, kisha nikakumbuka nilichoandika. Ahadi ya serikali ikifika ofisini huuliza karatasi, na karatasi ya Kambale ilikuwa na mwandiko wangu. Mke wake ndiye aliyekuja kunieleza: wamemrudisha mume wake nyumbani bila msaada, eti daftari la matibabu linasema pikipiki.

Nikaenda naye hadi bureau, ile ofisi iliyomrudisha mume wake. Afisa akavua miwani.

"Donc mama, ulidanganya?"

"Ndiyo, papa. Nilidanganya. Uandike jina yangu pia."

Wamempokea, na miguu yake inatibiwa. Lakini samaki wake anawapitisha njia nyingine, na kila siku ya soko mimi hutega sikio kama mjinga. Nina hamu naye, mwanangu, hamu inayouma. Sikuthubutu kumwomba anisamehe.

Basi wewe unayeanza kazi hii, andika unachokiona, siku ileile, hata ukiogopa. Serikali inaweza kuahidi mema mengi, lakini aliyeumizwa atafika mbele yake na maneno yako tu. Mungu akubariki, akupe ujasiri na uzee mwema, na asiwepo mtu hata mmoja hapa Beni atakayezunguka mbali ili asikuone.