Mama Aliponichagulia Tovuti

Mwanangu, ipo siku moja ambayo hata nikisahau jina langu nitaikumbuka. Nilikuwa na miaka arobaini na mvi zangu mbili, lakini katika kazi hii ya kuandika programu nilikuwa kijana mbichi kabisa. Cheka tu, ila nisikilize.

Kwetu ni Kemondo. Gari la kununua ndizi lilikuwa likitoka Muleba kwenda Bukoba, na hakuna aliyejua litapita saa ngapi, au kama litapita kabisa. Akina mama walikata mikungu asubuhi, wakaibeba hadi barabarani, wakasubiri. Gari lisipokuja, ndizi ziliiva palepale, na ndizi ya kupika ikishaiva haina mnunuzi. Mama yangu, Ma Justina, alishawatangazia majirani kwamba mwanawe amesomea kompyuta na atalimaliza tatizo hilo. Heshima yake ilikuwa mikononi mwangu, nami nikaichezea.

Nilianza na tovuti. Mwezi wa pili rafiki yangu mmoja akaniambia tovuti zimepitwa na wakati, watu wako kwenye programu za simu. Nikaacha. Nikaanza programu ya simu, ikanitoa jasho, nikasoma mahali kwamba tovuti ndizo zenye ajira, nikarudi. Mwaka ukaisha hivyo. Nilijua kubishana kuhusu zote mbili kuliko mtu yeyote Kagera, na sikuwa na hata kitu kimoja kinachofunguka. Nilikuwa mjinga mwenye maneno mengi, na hakuna mjinga anayechosha kama huyo.

Siku hiyo ninayokwambia nilimkuta mama barabarani, mikungu yake mitatu imeanza kuwa ya njano, majirani wanamtazama kwa pembeni. Nikaanza kumweleza jinsi ilivyo vigumu kuchagua. Aliniacha nimalize, kisha akasema taratibu, “Waitu, mwanangu, hawa wanaosubiri gari, umewauliza wana simu gani?”

Sikuwa nimeuliza. Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Nikazunguka kwa kila mama pale nikiomba kuiona simu yake. Wengine walikuwa na simu za vitufe. Simu kubwa za wale wengine zilijaa video za kwaya na harusi, hazina nafasi ya kuweka programu mpya hata moja. Lakini kila mwenye simu kubwa niliyemtumia kiungo cha tovuti fulani, kilifunguka.

Basi kwa wiki sita niliandika ukurasa mmoja tu, mwepesi. Dereva, ambaye nilimwomba akakubali, anabonyeza kitufe humo akiondoka Muleba, na sisi Kemondo tunaona. Mwenye simu kubwa anamwambia jirani mwenye ndogo.

Siku ya kwanza akina mama walibaki nyumbani wakinywa chai hadi ukurasa ulipobadilika. Ndipo wakashuka na mikungu yao, gari likafika, likabeba yote. Yote, mwanangu. Mama akainua mikono juu mbele ya watu akasema, “Huyu nimemzaa mimi.” Nililia, na sioni haya kukwambia.

Baadaye nilijifunza programu za simu pia, na leo zote mbili zinanilisha. Kwa hiyo wewe unayeanza, usiniulize ipi ni bora. Nenda kamtazame unayetaka kumfanyia kazi, uone ameshika nini mkononi, uchague hiyo, na uimalize kabla hujagusa nyingine. Ukishamaliza moja, ya pili haitakutisha. Mungu abariki mikono yako, akupe moyo wa kumaliza, na akufikishe siku ambayo waliokusubiri watashangilia.