Rula na Leseni ya Shemeji

Wateja walimwita Rula kwa sababu hakuwa na simile na mstari uliopinda. Fundi akisogeza dirisha hata upana wa kiganja, Rula alivua viatu, akapanda kwenye kiunzi na kumwambia mbele ya vibarua wake abomoe. Alikuwa amechora ramani za nyumba kwa miaka ishirini na sita, kumi na mmoja kati ya hiyo akiwa ofisi moja na shemeji yake, mume wa mdogo wake.

Waliachana vibaya. Rula alikwenda kufuatilia kibali cha zahanati aliyoichora yeye mwenyewe, akakuta kwenye ramani jina la mchoraji ni la shemeji peke yake. Hakupiga kelele. Alirudi ofisini, akachukua kiti chake cha kuchorea, chenye magurudumu madogo, na kukisukuma barabarani mpaka nyumbani, watu wakimtazama. Tangu hapo, hao wawili wakawa hawaonani ila msibani.

Akawa anachorea kwenye kompyuta za chuo cha ufundi, ambako alikuwa akifundisha. Kisha chuo kikabadilisha programu ya kuchorea, kikaleta mpya ya kulipia kila mwaka. Rula akafungua humo ramani zake za zamani: kuta zimekuwa nyembamba kama uzi, vipimo vimerukaruka. Alihitaji ile ya zamani, na walioitengeneza hawakuiuza tena. Njia ilikuwa moja tu, kununua leseni ya mtumba: aliye nayo atie saini fomu ya kuihamisha, aifute kwenye kompyuta yake, kampuni imsajili mmiliki mpya.

Aliulizia kote. Wengi walikwisha kuitupa. Aliyebaki nayo ni shemeji.

"Anasema uende mwenyewe ukamwombe," mdogo wake akamwambia kwenye simu.

"Nimwombe? Nanunua."

"Dada, na wewe shusha shingo kidogo."

Akaenda, akiwa amekaza uso. Shemeji hakumkaribisha kiti.

"Leo umeikumbuka njia ya huku?"

"Nimefuata leseni, shemeji. Taja bei."

Akataja. Rula hakupunguza hata senti, maana kuvutana naye kungekuwa kuzungumza naye. Shemeji akatia saini na kumsukumia diski na karatasi yenye namba ya leseni, kama mtu anayemtupia mbwa mfupa.

Baada ya wiki moja kampuni ikajibu: uhamisho umekataliwa. Namba hiyo bado inatumika kwenye kompyuta nyingine, na programu ilifunguliwa jana asubuhi.

Rula hakupiga simu. Alitoka na fomu mkononi, akapita kwa vijana wawili wa shemeji bila kuwasalimu, akausukuma mlango wa ndani. Shemeji alikuwa amekodoa macho kwenye kioo cha kompyuta, na kwenye kioo ilikuwa programu ileile ya zamani.

"Umeniuzia, na bado umeikalia!"

"Sijapata nafasi ya kuifuta."

"Ila ya kuichorea umepata."

"Punguza sauti, wafanyakazi wanasikia."

"Ndiyo maana sipunguzi."

Shemeji akaufunga mlango. Alipogeuka, uso ulikuwa umemshuka. Ile mpya, akasema, ilikuwa imemshinda. Wale vijana waliichezea kama karata, yeye hata mlango hajui unachorwaje. Kila siku alijifungia humo ndani akijidai anakagua kazi zao, kumbe yuko kwenye ile ya zamani, anachora kwa kujificha.

"Niachie mwezi mmoja tu, shemeji. Ni hii nyumba ya ghorofa, nimalize."

"Zahanati niliyokuachia haikutosha?"

Rula alisikia kitu kama huruma kinamgusa, akakikataa. Akavuta kiti na kuketi.

"Ifute. Siondoki."

"Basi nichapishe kwanza ramani hii."

"Chapisha."

Karatasi ilipotoka, Rula akaitupia jicho. Angeweza kukaa kimya, na moyo ulimshawishi akae kimya. Hakuweza.

"Ngazi yako inapita chini ya boriti. Mwenye nyumba atapasuka kichwa siku ya kwanza."

"Nani amekuuliza?"

"Hakuna. Rekebisha."

Shemeji alirekebisha huku akihema kwa hasira, akachapisha upya, kisha akaifuta programu, Rula akiwa amesimama nyuma yake na kumhesabia kila kitufe. Hakuna aliyemuaga mwenzake.

Jioni mdogo wake akampigia, sauti imejaa kilio. "Umemvunjia heshima mume wangu mbele ya vijana wake! Ungekuja kwangu kwanza."

"Ningekuja kwako, ungeniambia nishushe shingo."

Simu ikakatwa.

Siku ya tisa, barua ya kampuni ikaja: leseni sasa ni ya Rula, kwa jina lake kamili. Aliisoma mara mbili, akaweka programu kwenye kompyuta yake na kufungua ramani ya kwanza. Kuta zilisimama na unene wake. Akapokea kazi tatu mwezi huo.

Kwa mdogo wake alipiga kila Jumapili. Iliita mpaka mwisho, haikupokelewa. Aliwahi kuanza kuandika ujumbe wa kuomba radhi, akaufuta katikati, kwa sababu hakuona radhi ya nini.