Siku Kompyuta ya Rwamgasa Ilipokataa Amri

Dorika alizaliwa Mhunze, kwenye familia ya wakulima wa pamba, akaolewa Rwamgasa kwa mchimbaji mdogo aitwaye Mabula. Miaka ya mwanzo alipikia wachimbaji ugali na dagaa kando ya maduara, yale mashimo marefu ya dhahabu wanayoshuka kwa kamba. Kwa kuwa alimaliza kidato cha nne na mwandiko wake unasomeka, kikundi cha wachimbaji kilimfanya katibu. Hapo ndipo alipokutana na kompyuta kwa mara ya kwanza, akiwa na umri wa miaka thelathini na minane.

Masika ya nyuma, maji ya mvua yalikuwa yameingia kwenye duara moja na kumfunika kijana aliyekuwa chini. Baada ya msiba ule, kikundi kilimwomba Davis, fundi wa kompyuta kutoka Geita mjini, awatengenezee programu ndogo. Katibu anaandika amri moja, na ujumbe unakwenda kwa pamoja kwenye simu za wavuta kamba wote walio kwenye midomo ya maduara: mvua inakuja, toeni watu.

Iliwasaidia vizuri mpaka kompyuta ile ilipoharibika. Wakanunua nyingine Kahama, kwenye duka la mzee Zakir, na Davis akawahamishia programu yake kwa flashi kabla hajasafiri. Hakuna aliyekumbuka kuijaribu.

Alasiri moja ya mwezi Machi wingu zito lilijikusanya upande wa juu wa bonde. Upepo ukabeba vumbi na harufu ya udongo uliolowa. Dorika alikaa mezani, akafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, akaandika: tuma.sh.

Kompyuta ikajibu: command not found.

Alijua maana yake, kwamba amri haijaonekana. Akaandika tena polepole, herufi moja moja, akidhani amekosea. Jibu likawa lilelile. Mume wake alikuwa chini, duara la tatu kutoka njiani.

Wilbard, mwenyekiti wa kikundi, alichungulia mlangoni, akamwita kwa jina la mwanawe. "Mama Paskazia, vipi, umeshatuma?"

"Inagoma, mwenyekiti. Washa pikipiki uanze kuwapitia walio mbali. Mimi nitahangaika na hii kompyuta."

Pikipiki ikaondoka kwa kishindo. Dorika alimpigia Davis, hapatikani. Akapiga dukani kwa Zakir, akapokea binti yake, Gulnar, ambaye ndiye aliyeiandaa kompyuta ile siku wanainunua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mvua inakuja na watu wako chini. Kompyuta inasema haioni amri."

Gulnar hakupoteza muda. "Andika ls, ubonyeze Enter. Unaona jina la faili lenu?"

"Naliona. Hili hapa, tuma.sh."

"Basi lipo. Shida ni kwamba kompyuta ukiiandikia amri inaitafuta kwenye folda zake maalumu tu, haiangalii hapo ulipo. Iambie ni hapahapa. Anza na nukta, kisha mkwaju, halafu jina, bila kuacha nafasi."

Dorika akaandika ./tuma.sh. Safari hii maneno yakabadilika: permission denied.

"Inasema sina ruhusa!"

"Afadhali, maana sasa imeliona. Faili likihamishwa kwa flashi mara nyingi hupoteza ruhusa ya kuendeshwa. Andika chmod, nafasi, alama ya kujumlisha na x, nafasi, jina la faili. Na ukisahau jina la kitu, andika herufi za mwanzo ubonyeze Tab, yenyewe ita..."

Simu ikakatika. Dorika alipiga tena, Gulnar hapatikani. Radi ililia mbali, ng'ambo ya bonde.

Akaandika kama alivyoelekezwa, akaendesha. Kosa la tatu: line 3: python: command not found. Nusura aifunge kompyuta akimbie kwa miguu. Lakini alipoyasoma tena yale maneno aliona kwamba sasa halalamikiwi yeye. Faili limefunguka, limefika mstari wa tatu, na ni lenyewe linaloita python, programu nyingine isiyoonekana. Akaandika pyth, akabonyeza Tab. Kompyuta ikamalizia: python3.

"Kumbe siku hizi unaitwa hivyo," alisema peke yake.

Alifungua faili kwa nano, programu ya kuhariri maandishi, kama alivyowahi kumwona Davis akifanya, akaongeza 3 mbele ya neno python kwenye ule mstari, akahifadhi. Akaendesha. Taa ya modemu ikaanza kuwaka na kuzima, na majina ya wavuta kamba yakateremka kwenye skrini, kila moja na neno lake: umetumwa, umetumwa, umetumwa.

Alitoka nje. Kule maduarani kamba zilikuwa zinavutwa kwa haraka na watu wakiitana kwa Kisukuma. Mabula aliibuka akiwa na tope mpaka kwenye kope, akamwona mkewe amesimama njiani. "Wabeja, mke wangu," alimshukuru huku akihema. Mvua ikashuka kwa nguvu. Maduara mawili yalijaa maji mpaka juu, na hapakuwa na mtu ndani.

Wiki iliyofuata Gulnar alimwelekeza kwa simu jinsi ya kuiingiza folda ya kikundi kwenye zile ambamo kompyuta hutafuta amri, ili amri ikubali popote. Davis naye aliporudi aliomba radhi, akaja kukagua, akasema hana la kuongeza. Kila Jumatatu asubuhi Dorika hutuma ujumbe wa majaribio. Amemfundisha pia Vaileth, mwekahazina wa kikundi, na kosa likitokea humkataza kuandika lolote kabla hajalisoma kwa sauti mpaka mwisho.

Mwezi ujao wanawake wa vikundi viwili vya jirani watakuja kujifunza kwake. Ameshaazima viti kanisani.