Vidonge Juu ya Mafiga

Mama yangu mkubwa, aliyenilea hapa Mtendeni, hakuwa na imani na kabati. Kitu cha thamani kilining'inizwa juu ya mafiga, kwenye moshi, wadudu wasikiguse. Mahindi yake ya mbegu yalikaa huko mwaka hadi mwaka.

Saratani ilipomwingia mifupani alipewa vidonge vya maumivu, vigumu kama kokoto. Akavitia kinuni ili avichanganye na uji, vikamrukia usoni. Alivitukana, nasi tukacheka. Muuguzi aliyekuwa akija nyumbani hakucheka. Alimweleza kwamba vimetengenezwa kwa plastiki maalumu ili visitwangike, dawa itoke tumboni polepole, kutwa nzima. Kwa vidonge hivyo aliweza kukaa barazani na dada zake, wakimenya karanga na kusengenya mtaa mzima. Hakutaka kingine duniani.

"Kumbe ni vya thamani," akasema. Akavifunga kwenye kitambaa, akavining'iniza kati ya mahindi.

Heshima hiyo nusura imuue. Siku moja ya joto kali, kabla ya mvua, alimeza kimoja asubuhi. Adhuhuri tukamtikisa haamki. Muuguzi alikuja mbio, akahangaika naye mpaka akafumbua macho. Ndipo muuguzi akauliza dawa inakaa wapi. Tukaonyesha juu.

Vidonge vilikuwa vimeshikana. Alibonyeza kimoja kwa ukucha, kikabonyea.

"Bibi, joto limeiharibu ile plastiki. Dawa haina tena cha kuizuia, inatoka yote kwa pamoja. Hivi usiviguse tena. Vipya nitakavyokuletea uviweke penye ubaridi, pale karibu na mtungi wa maji."

"Chini? Dawa inayonikalisha na dada zangu ikae chini kama ndala?"

Alinuna, lakini alikubali. Kopo la vidonge vipya likakaa kivulini kando ya mtungi, na kesho yake naye akahamishia mkeka wake hapohapo. "Hata mimi joto halinifai," akasema. Barazani alirudi, akamenya karanga mpaka mvua zikaanza. Mahindi ya mwaka ule hakuyaona yakikomaa.

Nimemkumbuka sana mwezi huu. Siku hizi napika kwa gesi, na mbegu zake nilizitia kwenye kopo safi, kando ya mtungi wa maji, penye ubaridi. Jana nililifungua nikakuta unga na fukusi. Nilichambua nikapata kiganja kimoja cha punje nzima. Leo nimepanga mafiga uani, nimewasha kuni, wala sina cha kupika.