Mume wa Bibi Taa

Mama anayetunza chupa za wanyama waliohifadhiwa kwa spiriti katika maabara yetu hufuta kila kifuniko kwa pindo la koti lake, akinong'ona, "Hujambo, bibi?" Kipenzi chake ni samaki wa kilindini, jike jeusi lenye meno kama sindano na kijiti chenye taa kilichomea puani. Jana mwalimu mgeni alimtoa chupani ampige picha, akashika mkasi akate kinundu kilichoning'inia tumboni. "Uchafu huu utaniharibia picha." Mama akamdaka mkono kwa vidole vyake vilivyobabuka kwa spiriti. "Taratibu, mwanangu! Huyo ni mumewe. Alimng'ata siku ya posa, ngozi zikaungana, damu ikawa moja. Tangu hapo hajatoka hata kununua chumvi." Mwalimu akaweka mkasi chini. Mama akamrudisha bibi chupani, akafuta kifuniko, kisha kwenye lebo iliyosema "Samaki mmoja" akakata kwa kalamu neno la mwisho, akaandika, kifua mbele: "wawili".